Nilikataa kuvaa sare, sasa nasuswa hadi msibani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, Chang'ombe. Nina miaka 36, mume na watoto watatu. Baba watoto ni fundi ujenzi, vibarua vyake vingi viko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kwa hiyo kuna miezi tunakula nyama na kuna miezi tunakula mlenda na kushukuru. Nakuandikia kwa sababu Jumapili ya mwisho wa mwezi natakiwa nisimame mbele ya wanawake 26 niombe radhi, na sijui niombe au nisiombe.

Tuna kikundi chetu cha kina mama, cha kufa na kuzikana. Huu ni mwaka wangu wa tisa humo. Tulianza na misiba, wagonjwa na uzazi. Taratibu zikaingia harusi, zikaingia sendofu, zikaingia kipaimara, sasa hadi bathidei za wajukuu. Kila shughuli ina sare yake, na mshonaji ni mimi. Mwaka jana peke yake tulivaa sare tano. Kitenge pea moja 35,000, kushona 20,000, bado kilemba, bado viatu, bado mchango wenyewe wa shughuli. Mimi ya kushona silipi, ila kitenge nanunua kama wengine. Kabatini nina sare kumi na nne. Huwezi kuzivaa kwenda sokoni, maana ukikutana na mwenzako kaivaa mnaonekana kama wafungwa wawili waliotoroka.

Desemba mwenyekiti wetu alikuwa na sendofu ya binti yake. Sare ikatangazwa kwenye grupu: kitenge cha bluu na dhahabu, mshono mmoja kwa wote, mikono ya puto. Nilishona 26, Shangazi. Mkono uleule, shingo ileile, zipu ileile ya nyuma, mara 26. Ya 27, yaani ya kwangu, sikuishona. Kitambaa chenyewe sikununua. Nisikudanganye, pesa nilikuwa nayo. Nilichoka tu. Mchango wangu nilitoa wote, 100,000, na zawadi ya pamoja nikatoa. Siku ya siku nikavaa gauni langu la kawaida nikaenda. Sikumwambia mtu. Niliona nguo ni jambo dogo.

Nilipoingia ukumbini mweka hazina alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Fundi, kitambaa kilikuishia?" Nikacheka. Emsii alipoita, "Kina mama wa sare, uwanja ni wenu!" wakainuka wote kwenda kujipanga nje ili waingie wakicheza. Nikabaki mezani. Mmoja akaniwekea mkoba wake, "Nishikie hapo." Mwingine akaona, naye akaweka. Nikajikuta nimekaa peke yangu kwenye meza ya watu kumi, nimezungukwa na mikoba kumi na mmoja, wenzangu wanaingia na muziki na simu zote zinawarekodi. Kwenye picha, mpiga picha akasema, "Mama wa rangi nyingine asogee pembeni kidogo." Nikasogea.

Tangu hapo hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningejua pa kuanzia. Ni salamu tu zimekuwa fupi. Ni simu haipokelewi. Mmoja akaweka stetasi, "Kuna watu wanataka kumfunika hadi mwenye shughuli." Sare ya kipaimara ya Februari ikapelekwa kwa fundi mwingine, Majengo.

Machi mama mkwe akafariki, kwao Mvumi. Kwa kawaida kikundi kinakodi Kosta, tunakwenda wote na masufuria yetu, tunalala, tunapika. Kwangu walikuja wanne. Walikaa saa mbili wakaondoka. Rambirambi ililetwa kwa simu, 300,000 kama katiba inavyosema, hawakukata hata shilingi. Nilipika na mawifi zangu na wanawake wa kijiji nisiowajua. Wifi mkubwa akaniuliza, "Wale wenzako wa mjini unaowasifia wako wapi?" Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Mmoja wa wale wanne ni mama anayepika maandazi jirani na kibanda changu. Wakati wa kuaga alininong'oneza, "Hata mimi ile ya bluu nilikopa." Hakuongeza neno.

Sasa nimeletewa ujumbe. Nilipe faini 50,000 na niombe radhi mbele ya wote kwa "kudharau umoja", la sivyo jina langu litafutwa. Baba watoto anasema lipa yaishe, kesho mtoto akiugua usiku utamgongea nani? Binti yangu wa kidato cha pili anasema nisithubutu. Aliniambia, "Mama, lile gauni ulilidarizi usiku tatu, nilikuona. Na mimi nilipotaka viatu kama vya wenzangu uliniambia wewe si wao." Sikuwa na la kumjibu.

Shangazi, nikubali yaishe, au nitoke nijitegemee kama wanavyoishi watu wengine siku hizi? Na kosa langu hasa ni lipi?

Fundi, Chang'ombe

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mbukwa. Pole na msiba wa mama mkwe. Naanza na hilo kwa sababu naona hata wewe mwenyewe umelipita mbiombio kuwahi habari ya faini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja na wewe. Ile mikoba kumi na mmoja ilinikaa rohoni mpaka nikaacha chai ikapoa. Mara ya pili nikakwama kwenye maneno mawili: "gauni langu la kawaida". Ukishuka chini, binti yako anatutolea siri kwamba gauni hilo lilidariziwa usiku tatu. Mwanangu, gauni la kawaida halikeshewi. Mchana ulikuwa unashona mikono ya puto ya watu 26, usiku watoto wakilala unashona la kwako. Kuchoka ulichoka, sikatai. Ila ulitaka pia uonekane.

Na mimi sioni ubaya wowote katika kutaka kuonekana. Mtu aliyejaliwa mikono kama yako, akashona shingo moja mara 26, asipotamani kushona kitu kinachofanana na yeye nitamshangaa. Ubaya ni kwamba uliuchagua usiku wa mwenzako. Sendofu ina mwenyewe. Mama yake yule binti alikuwa amehesabu wanawake 27 wa bluu wataingia na binti yake, akaona 26, na yule aliyekosekana amekaa kwenye mwanga na darizi mpya. Aliyeandika ile stetasi ana punje moja ya ukweli, ingawa ameitia chumvi gunia zima.

Kuna na hili, nalo utalimeza kwa shida. Umekula sare kwa miaka tisa. Sare 26 kwa 20,000 ni 520,000 kwa shughuli moja, na mwaka jana zilikuwa tano. Nadhani ada za shule za binti yako zimepitia kwenye mikono ya puto. Kwa wale wanawake, wewe ndiye sare yenyewe. Muumini akikosa ibada Jumapili moja, watu hawatikisiki. Mchungaji akikosa, kanisa zima linaulizana kuna nini. Walipokuona bila sare hawakuwaza kwamba fundi amechoka. Waliwaza: kumbe muda wote alikuwa anatushonea huku anatucheka.

Hayo ndiyo yako. Sasa niwageukie wao, maana nao hawatoki salama hapa.

Najua Jumapili atasimama mmoja aseme sare ni mila. Mwache aseme, ila wewe ujue moyoni kwamba si kweli. Hicho kitenge chenyewe asili ya michoro yake ni batiki ya Java, Waholanzi wakaiiga kwa mashine karne ya 19 wakaja kuiuza Afrika. Na vikundi vya wanawake kushindana kwa kuvaa ni mambo ya pwani: Mombasa kulikuwa na vyama vya lelemama, kila chama na sare yake na karamu yake, kila kimoja kinataka kung'aa kuliko kingine. Huku kwetu bibi yangu wa Kongwa alikwenda misibani na kaniki yake ileile aliyolimia, na alilia vizuri tu.

Tena nchi hii tumeshawahi kuambiwa namna ya kuvaa kwa jina la umoja. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikuwa marufuku Dar es Salaam kuvaa sketi fupi, mawigi, suruali za kubana. Vijana hawakungoja hata tarehe ifike. Waliwazomea na kuwashambulia wanawake maeneo ya Kariakoo, wakiwashusha kwenye mabasi. Nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka mwalimu wetu wa kike alivyoficha wigi lake kwenye kapu la karanga. Leo mabinti wa wale vijana wanavaa wigi la laki mbili kwenda kanisani na baba zao, wazee wa kanisa, wanawapisha mlangoni. Kilichokuwa kosa kubwa kwa taifa kimekuwa nywele za Jumapili. Nakutajia hili ili hilo neno "kudharau umoja" lisikutetemeshe magoti. Limeshatumika kwa vitu vingi, vingine vya kipuuzi.

Lakini woga wao si wa kipuuzi. Hapa nakuomba tulia kidogo.

Mkoa wetu unajua njaa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inakuja Desemba, Aprili inaondoka, na mwaka mwingine haiji kabisa. Wazee wetu hawakuweka ng'ombe wote zizi moja; waliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ukame ukiua huku, kule wabaki. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Wajerumani kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na Waingereza kuja kuchukua tena, ikaja ile njaa ya Mtunya. Bibi alikuwa mtoto. Hakupenda kuisimulia, ila alikuwa na tabia moja: mgeni yeyote akipita, hata akiwa na haraka, lazima aonje kitu. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwamba mtu asiyekula kwako hatakukumbuka. Kwa hiyo mwanamke wa Ugogo akikwambia "tuwe kitu kimoja", mara nyingi anapiga hesabu ya nani atamkumbuka mvua ikikataa. Sare ni namna yake ya kuhesabu watu kwa macho, bila kufungua daftari: wote wa bluu ni wangu. Ukija na rangi yako, hesabu inavurugika.

Kosa lao ni kwamba wamechukua kitu kilichoanzishwa kwa ajili ya kaburi, wakakipandishia mabathidei juu yake, halafu wakakupima kwa mabathidei ukiwa kaburini.

Hapo ndipo nilipofika niliposoma mara ya tatu. Desemba wewe ulitoa 100,000 yote, hukukata kitu, ukawanyima kuwa mmoja wao. Machi wao wametoa 300,000 yote, hawakukata hata shilingi, wakakunyima miguu yao. Nyote mmelipa, nyote mmesusa, na nyote mna risiti. Havilingani, sisemi vinalingana. Gauni ni gauni, na mama mkwe ni mama mkwe. Kupika peke yako na watu usiowajua huku wifi anakuuliza maswali, hilo ni zito kuliko picha mia za sendofu. Ila ni mshono uleule, na wewe fundi unautambua: mmeshona kwa nje, ndani hamkupiga bitana.

Kwa hiyo umeuliza kosa lako ni lipi. Si kukataa sare. Ni kukaa kimya. Ungemfuata mwenyekiti Novemba ukamwambia, "Dada, nitakushonea 26 kwa moyo wote, ila mimi mwenyewe mwaka huu sare nimezichoka, niruhusu nivae langu, nitapika na kupakua," angenuna siku mbili yakaisha. Ukimya wako ndio ulioongea ukumbini, na ukimya ukiongea kila mtu anautafsiria ya kwake.

Sasa tufanye kazi.

Nenda kwa mwenyekiti kabla ya hiyo Jumapili. Nyumbani kwake, jioni, mume wako asikusindikize, na usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari zinatosha. Usimkute dukani kwake wala njiani, mtu mzima haombwi radhi akiwa ameshika chenji. Mwombe radhi yeye, kama mama wa binti, kwa kutomwambia. Hilo peke yake. Usiombe radhi kwa gauni, na akitaka uombe kwa gauni mwambie kwa upole kwamba la gauni tutazungumza kikundini. Kisha mweleze ulivyopika Mvumi. Usimlaumu, msimulie tu, pamoja na swali la wifi. Halafu nyamaza, safari hii ukimya utakusaidia.

Katiba itafute uisome kwa macho yako. Kama kikundi kimesajiliwa, kama vinavyofanya vingi ili viombe ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu), basi katiba iko kwenye maandishi na katibu anayo. Angalia kama kuna kifungu cha faini kwa asiyevaa sare. Kikiwepo, lipa hizo 50,000 bila kinyongo, ulikubali mwenyewe ulipoingia. Kisipokuwepo, usilipe, hata baba watoto akisema yaishe. Ukilipa faini isiyoandikwa, umewaandikia nyingine kesho, na atakayefuata huenda ni yule mama wa maandazi ambaye hana 50,000.

Huyo mama wa maandazi sasa. Naona umemtaja kwa mistari miwili ukampita, na kwangu mimi ndiye mtu muhimu kuliko wote katika barua yako.

Chuo cha ualimu tulifundishwa jaribio la Mmarekani mmoja, Solomon Asch, la miaka ya 1950. Alikuwa anakaa na kundi la watu, anawaonyesha mstari mmoja, halafu mistari mitatu, waseme upi unalingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi, hata mtoto angejibu. Ila wote kwenye kundi walikuwa wamepangwa waseme uongo uleule kwa sauti, isipokuwa mmoja asiyejua kitu, naye anajibu kuelekea mwisho. Robo tatu hivi ya hao wasiojua, angalau mara moja, walikana macho yao wakasema kama wenzao. Lakini kulikuwa na dawa mbili. Akiwekwa mtu mmoja tu mwingine kwenye kundi anayesema kweli, yule mjaribiwa anapata ujasiri na makosa yanapungua sana. Na wakiandika majibu kwenye karatasi badala ya kuyatamka, yanapungua pia.

Umeona ninapokwenda. Nenda kanunue maandazi. Mkae. Usimbebeshe vita vyako wala usimwombe akutetee, muulize tu alikopa kwa nani na kama ameshalipa. Mtu aliyenong'ona mara moja anaweza kusema kwa sauti mara ya pili kama hayuko peke yake. Na nina hakika hata kama sijawaona: kati ya wanawake 26, aliyekopa si mmoja.

Siku ya kikao, usipige magoti. Kaa kwenye kiti kama wenzako. Ukipewa nafasi, sema mbele ya wote ulilomwambia mwenyekiti, kwamba umekosa kwa kutosema. Kisha omba jambo moja: habari ya sare ipigiwe kura ya karatasi, karatasi zikunjwe, ahesabu katibu na mjumbe mmoja. Swali liwe dogo. Sare iwe ngapi kwa mwaka? Au sare iwe kilemba na mtandio tu, gauni kila mtu la kwake? Hata mkifika hapa peke yake, rangi moja ila kila mtu mshono wake, mtakuwa mmepumua. Wewe fundi utaona mara moja kwamba mishono 27 tofauti ni kazi nyingi na pesa nyingi kwako kuliko mmoja. Kwa hiyo wazo hilo lisitoke mdomoni mwako. Nakusihi. Litoke kwa mwingine, la sivyo watasema umekuja kutafuta wateja, na safari hii watakuwa na haki.

Ukiniuliza, je, wakikataa yote, sare zibaki tano na lazima wote wavae? Hapo nakujibu kama mtu aliyezika mume mjini hapa. Mimi ningebaki. Ningenunua kitenge, ningevaa mikono ya puto, ningecheza kuingia ukumbini huku moyoni nacheka. Wapo watakaokwambia hiyo ni kujisaliti. Siwabishii; nawauliza tu wamezika wangapi. Kujitegemea unakokutaja kunawezekana, wapo wanaohamia na kazi za serikali wanaishi Iyumbu na Ilazo miaka mitatu hawajui jina la jirani, na wanaishi. Ila wana mishahara ya kukodi turubai, viti na wapishi. Wewe una baba watoto mwenye kazi ya msimu na watoto watatu. Kwa nafsi yako ungeweza kutoka kesho asubuhi. Bili ya kutoka wataletewa watoto, tena usiku wa manane, na hawakuwepo ulipokuwa unadarizi.

Kilicho chako, sare haiwezi kukuchukulia. Kina cherehani na taa na usiku tatu. Una kibanda barabarani. Ni nani aliyekuzuia kutundika mishono yako mwenyewe pale mbele, mteja apite aione? Miaka tisa umetundika sare za watu.

Binti yako ana haki, na mjibu. Usimwambie mambo ya wakubwa. Mwambie ulipomwambia "wewe si wao" ulikuwa huna pesa ya viatu, kama ndivyo ilivyokuwa. Na kama pesa ilikuwepo, mwambie sababu ya kweli. Kisha mchukue siku ya sukari. Asiingie ndani, akungoje uani na watoto wa mwenyekiti, lakini akuone unaingia na akuone unatoka. Uso utakaotoka nao utamfundisha kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kumhubiria.

Mawifi wa Mvumi usiwasahau. Waliopika na wewe ni wao, na wale wanawake wa kijiji usiowajua. Ukipata nauli, rudi arobaini haijafika, uwajue majina.

Lile gauni lifiche kwanza, lisionekane kibandani mpaka kikao kipite. Na umeandika kurasa mbili nzima, rangi ya sare ya wenzako umeitaja na mikono yake umeieleza, darizi yako hukusema ni ya rangi gani wala umechora nini. Nataka kujua. Niandikie.

Shangazi